Chatu Wako Wawili

Kaka Nurdini,

Shikamoo. Natumaini uvunaji wa tumbaku huko Usoke unakwenda vizuri. Hapa Mtendeni mvua haikatiki, na mpwa wako Najiat ameanza kutembea.

Kaka, chatu wako wa kuchezea ngoma uliotuachia wamekufa wote wawili.

Ulituonya tusiwachanganye, maana mkubwa atammeza mdogo. Lakini sanduku la mdogo lilipooza kwa mvua, shemeji yako Sabiri alimhamishia kwa mkubwa. Nilimkataza. Akacheka, "Asmahani, hawa wamelelewa pamoja!"

Niliporudi kutoka sokoni, kichwa cha mdogo kilikuwa kimeshazama mdomoni mwa mkubwa, mkia wake ukipigapiga mbao. Sabiri akaingiza mikono kuwatenganisha. Mkubwa akamtema mwenzake, akamng'ata Sabiri kiwiko, akajizungusha kifuani mwake, kisha shingoni. Nilisikia mbavu za mume wangu zikivunjika. Uso ukamvimba, ulimi ukamtoka.

Nilichukua panga. Pigo la kwanza halikumlegeza, la pili likanirushia damu machoni. Nikaendelea kukata huku nikilia, hadi mikunjo ikaachia. Mdogo naye hakuamka tena.

Sabiri yuko hospitali. Anapumua kwa shida, lakini anapumua. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nurdini atanielewa?"

Najua mkubwa ulimlea tangu anatoshea kiganjani, na ndiye aliyekulisha. Ukija, usimgombeze mgonjwa. Nigombeze mimi niliyeshika panga. Nitakusikiliza hadi umalize, kaka, lakini ningemkata tena.

Mdogo wako,
Asmahani