Nimenunua Nyumba na Mbwa Yake

Siku ya kwanza ya wiki, 2 mwezi wa sita

Maziwa imefika mapema leo. Nimechuja, nimetia dawa ya kugandisha, nimefunika. Sasa nangoja igande ikuwe jibini. Fromaji ine za juzi ziko juu ya ubao, zinakauka muzuri.

Mwenye nyumba amepita tena kuchungulia kama nimewasha moto mu chumba. Ndiyo, nimewasha. Fromaji inapikwa na moto, haipikwe na maombi. Nimechoka kukaa mu chumba ya muntu. Nyumba ya baba, nyumba ya bwana, hema ya bakimbizi kule Goma, sasa hii ya kulipa. Miaka makumi ine na tatu, na sijafunga hata mulango moja yenye iko yangu.

Mangaribi nimerudi kuangalia nyumba ya Papa Matayo, pa juu ya barabara ya Mushaki. Ya mbao. Vyumba mbili, jiko ya inje, manjanja ya paa imeanza kupata kutu lakini haivuje. Anauzisha juu ya kuenda kukaa kwa mutoto yake, Walikale. Nimemwambia nainunua. Nilisema mbio, mbele roho igeuke.

Siku ya tatu, 4 mwezi wa sita

Kumbe mule chini ya mbao munakaa mbwa.

Papa Matayo ameniambia habari yake. Wakati wa vita ya masasi kila muntu alikimbia, yeye pia. Aliporudi akakuta hii mbwa imelala chini ya nyumba. Haijulikane ya nani. Mbwa muke, nyekundu, sikio moja imekatika, mbavu unaweza kuzihesabu. Amekamata fimbo, ati aiue kwanza, anipe nyumba safi.

Nikamwambia asiiguse. Nanunua nyumba na kila kitu chenye kiko ndani.

Amecheka mpaka akakaa chini. Ati banaume ya ng'ombe njo banafuga mbwa. Bawindaji pia. Mwanamuke wa fromaji na mbwa, wapi na wapi? Nimemujibu sijui juu ya nini naitaka. Nimesema uongo. Najua sana. Ile mbwa ilibakia wakati benye manyumba bote tulikimbia. Mimi nije niifukuze? Hapana.

Siku ya posho, jumamosi, 7 mwezi wa sita

Nimepeleka viazi na mabaki ya bugali. Nimeweka, nimeenda mbali. Ilikula ikiniangalia. Nimesogea kidogo. Ikanguruma. Nami nikanguruma. Tukaachana hapo.

Mama Sharloti, yeye atakuwa jirani yangu, ameuliza nitaiita jina gani. Hilo si swali la bure. Huku kwetu muntu haite mbwa jina ya mapambo. Jina ya mbwa ni maneno unabatumia majirani, na kila siku ukiita mbwa, nao banasikia. Kaka yangu alikuwa na mbwa jina yake Mulinisema. Majirani walihama.

Nimefikiri. Wiki nzima barabara yote inasema: mwanamuke peke yake, hana bwana, mutoto yake ameolewa Mweso, sasa anatafuta nyumba ya nini? Nikamwambia Mama Sharloti: inaitwa Mutazoea.

Amecheka na mukono ku kinywa. Kabla jua izame Mushaki muzima ilikuwa imepata habari.

Siku ya yenga, 8 mwezi wa sita

Inje ya kanisa bamama mbili bamekataa fromaji yangu. Banasema mbwa imelamba. Mbwa hata haijafika ku mulango yangu, iko kule juu na mimi nakaa huku chini. Nimebaeleza: nitaweka maziwa mu chumba ya ndani, na mulango, na kufuli. Moja amenunua nusu. Mwingine ameenda na pua juu.

Sitamubembeleza. Akule maharagi.

Nimekasirika siku nzima. Nimeosha vyombo mara mbili, na zilikuwa safi.

Siku ya pili, 10 mwezi wa sita

Shemeki Anselmi amefika kutoka Rubaya, kule anauzisha mizigo ya madini ya coltan. Viatu mupya, simu mbili. Yeye ni mudogo ya marehemu bwana yangu. Bwana alipokufa, matanga haikuisha, Anselmi akaingia mu nyumba yetu na kusema ni ya ukoo. Mimi na mutoto yangu Neema tulitoka na sufuria na magodoro. Sikusema kitu wakati ile. Nilikuwa kijana na nilikuwa nalia. Hiyo kitu inaniuma mpaka leo, kuliko hata nyumba yenyewe.

Leo amekaa ku kiti yangu, amekunywa chai yangu, ameniambia karatasi ya nyumba itaandikwa jina yake. Ati kwa kunilinda. Ati mwanamuke akibeba parsele, kiwanja ya nyumba, ukoo inapotea. Nikamuuliza ukoo ilichemsha maziwa siku gani. Amesema tu kwamba shefu wa kijiji anaomba shahidi wa jamaa, na mwanaume wa jamaa ni yeye peke yake.

Njo pale ananikamatia. Anajua.

Siku ya ine, 12 mwezi wa sita

Nimeenda kwa sekreteri ya shefu. Muntu mupole, miwani imefungwa na kamba. Nimemuuliza wazi: inakatazwa kuandika jina ya mwanamuke? Amesema haikatazwe. Basi utaandika? Amesema haijazoeleka. Nikasema sikuuliza hiyo. Amefuta miwani. Amesema tutaona siku ya posho, mbele ya bashahidi.

Pesa yote Papa Matayo iko nayo, nilimuhesabia mbele ya bazee. Gari yake ya Walikale inaondoka siku ya posho ile ile. Kama jina ya Anselmi inaingia mu karatasi, siku yenye atataka atanitoa tena, na safari hii nitakuwa nimemununulia nyumba mimi mwenyewe.

Naogopa. Naandika hivi juu hakuna mwenye atasoma. Sikukula.

Siku ya tano, 13 mwezi wa sita

Mutazoea imenifuata mpaka ku barabara. Nilisimama, ikasimama. Ina harufu mubaya sana. Nimeiosha na sabuni ya kipande kule mutoni, ikaniuma kidole kidogo, haikutoka damu. Nimeiambia sitaki ujinga. Imelala ku miguu yangu.

Siku ya posho, 14 mwezi wa sita

Niandike yote, bila kuruka.

Asubuhi tumezunguka mipaka. Papa Matayo mbele, sekreteri, mimi, Anselmi, Mama Sharloti na bazee bane ba kartie, ba mutaa ile. Ku kila kona muzee anagusa muti wa mupaka na kusema, hapa. Mbwa ilitangulia sawa ni yeye anatuuzisha. Anselmi aliitupia jiwe. Nilimwambia: shemeki, hiyo iko yangu. Bazee baliangalia chini.

Kisha tumekaa mbele ya nyumba. Meza, karatasi, na bidon ya kasiksi, pombe ya ndizi, imeiva vizuri, harufu inafika mpaka barabarani. Kila muntu wa hapa anajua namna inaendaka. Muuzaji anajaza kikombe, anapatia mununuzi. Mununuzi anakunywa wa kwanza. Ikishapita ku koo yake, nyumba imeuzwa, na njo bashahidi nabo banakunywa. Mbele ya pale hakuna mwenye anagusa bidon.

Sekreteri akasoma. Muuzaji, Matayo. Mununuzi, Anselmi.

Anselmi, Papa Matayo na sekreteri walikuwa bameshapatana. Papa Matayo akanipatia kikombe bila kuniangalia ku macho. Ni mimi niliyelipa, kwa hiyo ni mimi wa kunywa, hiyo hakuna hata moja aliweza kubisha. Banaume wote wakajua nitakunywa tu. Mwanamuke, mbele ya bazee, atafanya nini?

Nikakamata kikombe. Nikaiweka ku magoti.

Nikasema: nitakunywa siku nitasikia jina yangu.

Anselmi alicheka. Kisha akakemea. Kisha akaniita mama, kwa upole, maneno ya asali. Nilishika kikombe na mikono yote mbili. Jua likapanda. Bazee baliangalia bidon. Inzi ilianza kuzunguka. Moja akakohoa. Mwingine akauliza kama hii kazi itaisha leo ao kesho. Chini ya barabara gari ya Walikale ikapiga honi, Papa Matayo akasimama, akakaa.

Saa sita ikapita. Mukojo ilinibana na sikusimama.

Muzee mukubwa kati yao, Papa Bonane, njo alivunjika wa kwanza. Akamwambia sekreteri: "Andika huyu mama, tunywe. Alilipa ni yeye, wote tuliona." Mwingine akaitikia. Mama Sharloti akasema kwa sauti kwamba yeye tangu asubuhi anashangaa. Papa Matayo akasema, mimi nyumba nilimuuzishia yeye, shemeki yake simujue.

Sekreteri akapasua karatasi. Akachukua ingine. Akaniuliza, "Mama Neema, jina yako ni nani?"

Hakuna hata moja pale aliijua. Hata Anselmi. Tangu Neema azaliwe hakuna mwenye ameniita vingine.

Nikasema: Feza Maombi. Nilimuspelia, herufi moja moja.

Anselmi alikataa kusinye, kutia sahihi. Papa Bonane akamuuliza, mbele ya bote, kama anataka wafe na kiu. Akasinye. Pa mustari ya bashahidi, chini ya jina yangu.

Njo nikakunywa. Kasiksi ilikuwa imepata joto na mududu moja ndani. Nikameza na mududu.

Siku ya kwanza, 16 mwezi wa sita

Nimehamia jana. Vitu vyangu vimejaza kona moja tu. Maziwa iko mu chumba ya ndani, imefungwa. Mama mwenye pua juu ametuma muntu achukue fromaji moja. Nimemuuzishia.

Asubuhi hii kuna ukungu, baridi. Nilikuwa nakunywa chai ku jiko. Mbwa ikainua kichwa, ikabweka mara moja. Sauti ikasema hodi, pale ku lupango ya miti. Anselmi. Mu nyumba ya kaka yake alikuwaka anaingia tu, hata tukiwa tunakula, hata nikiwa naoga. Leo amesimama inje ya miti, kofia ku mukono.

Akasema hodi mara ya pili. Ya tatu.

Nilimaliza chai. Nikaosha kikombe, nikakifunika. Kisha nikaenda kuangalia anataka nini.