Rekodi ya baba siku ya posa yangu

Ritha, nina hasira sana.

Wakwe wamekuja kuniposa. Mjomba wa mchumba wangu Anselim akatoa simu, akasoma rekodi ya baba ya ngumi mbele ya watu. Ameshinda mapambano ishirini na nne, yote akayaruka! Akasoma matano tu aliyopigwa. Eti, "Bingwa gani huyu wa kulala chini?"

Nikachungulia mlangoni. Anselim naye anacheka. ANSELIM, Ritha!

Baba siku hizi hata kikombe kinamtetemekea mkononi. Akainama tu.

Nikaitwa. Shangazi akauliza kama desturi, "Dorika, wageni hawa unawafahamu?"

Unajua nilivyo na aibu. Nikasema, wote wakasikia, "Siwafahamu."

Wamerudi kwao Malinyi na barua yao ya posa.