Sahani ya Mama Imebaki Kavimvira

Papa,

Nina habari mbili, na nataka uzisikie kwangu kabla hujazisikia kwa watu wa sokoni. Ya kwanza: mimi Mwamini, binti yako uliyemkataza hata kugusa bomba lako la hewa, nimekuwa mzamiaji. Nina kadi yenye picha yangu. Ya pili nitakuambia huko mbele, kwa sababu ni habari ya sahani, na ukishasikia sahani hutasikiliza kitu kingine.

Tangu utuache, ziwa limepanda mpaka nyumbani kwetu Kavimvira. Mwanzoni hatukuamini, tulisema litarudi kama siku zote. Likapita uwanja, likapita mlango, na asubuhi moja Mama akakuta sufuria zake zinaelea jikoni. Tukahamia Rugenge. Mabati ya mbele tuliyang'oa, ya jikoni hatukuwahi, na kuta zikalala zenyewe. Pale tulipoanika nguo, leo watu wanapita na mtumbwi. Mama haendi tena upande ule. Anasema hana anachokifuata.

Mimi bado ninauza dawa kwenye duka langu kule Kimanga. Pale ndipo niliposikia kwamba mwalimu kutoka Bujumbura anatafuta watu awafundishe kuzama na chupa ya hewa mgongoni, ili baadaye wawapeleke wageni kuona samaki. Kuona tu, Papa, si kuwakamata kama wewe. Tulijiandikisha wanne, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Ungenikataza. Kwa hiyo sikukuuliza, nilikwenda tu.

Siku ya kwanza, mwenzetu mmoja, Amuri, muuguzi wa hapa Rugenge, akasema mbele ya wote: "Wazee wa zamani walikuwa wanazama kwa bahati tu." Mmoja wa wazee hao ni wewe. Bahati gani? Ulikaa chini ya maji miaka yako yote ya nguvu, ukiwatafuta kwenye mawe wale samaki wadogo wa rangi wa kufugwa kwenye vioo, na ulifia kitandani, chini ya shuka kavu, Mama amekushika mkono. Wenzako wangapi walipata hilo? Mimi najivunia hata kifo chako, Papa. Sijui kama inaruhusiwa kusema hivyo, lakini nimesema.

Mtihani wa mwisho ulikuwa huu: kila mmoja atafute mahali panapomfaa mzamiaji mchanga, aeleze kwa nini panafaa, kisha wote tuzame pale. Ukichagua vibaya, hupati kadi. Niliitaka ile kadi kuliko nilivyoitaka diploma yangu ya dawa, kwa sababu ya lile neno la Amuri.

Na nilikuwa na sahani. Ile sahani nyeupe ya bati uliyoichukua kwenye kabati la Mama bila kuomba, ukaitoboa katikati, ukaifunga kamba yenye fundo kila pima moja. Mama alikudai sahani yake mpaka siku za mwisho. Wewe uliishusha kila mahali kabla hujaingia majini, na ikipotea machoni kabla ya fundo la tano, ulikunja kamba, hukuzama. Nakumbuka siku ile mnunuzi wa samaki alipokuja mwenyewe na ndoo zake, na sahani ikapotea kwenye fundo la tatu. Yule bwana alikasirika mpaka masikio yakawa mekundu. Wewe ulisema tu, "Twende tukanywe chai." Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuonea aibu.

Sasa nikuambie kosa langu. Mahali pa kwanza nilipochagua palikuwa nyumbani kwetu. Kwenye daftari niliandika: kina kifupi, maji ya uvuguvugu, hakuna mawe makali, barabara iko karibu. Ukiyasoma utasema huyu mtoto ana akili. Ambalo sikuliandika ni kwamba nilitaka kuona mlango wetu.

Wewe ulikuwa unaanza kwa kuwauliza kina mama wanaofua nguo. Wavuvi ulikuwa unawauliza baadaye, kwa sababu, ulisema, mvuvi anaficha na anayefua haoni sababu ya kuficha. Mimi sikumuuliza mtu. Nani anauliza habari za uwanja wake mwenyewe? Nikapanda mtumbwi na Amuri, ambaye mwalimu alinipa awe mwenzangu, nikasimama juu ya jiko la Mama, nikashusha sahani.

Ilipotea kabla ya fundo la kwanza. Matope, Papa, matope ya mito yote ile inayoshuka kutoka milimani. Ningekunja kamba pale pale. Lakini niliiacha iende mpaka chini, kwa hamu tu ya kugusa sakafu yetu, na ilipofika ikanasa. Kwenye mabati, nafikiri, au kwenye nyaya. Nilivuta, nikavuta tena, kamba ikanikatikia mkononi.

Amuri alikuwa ameshavua shati. "Hapa iko mita mbili tu," akasema. "Minye nashuka na pumzi yangu, dakika moja nakuletea." Na mimi, sikufichi, viatu nilikuwa nimeshavivua. Mita mbili. Sahani yako. Mlango wetu. Maji yenyewe ya moto moto, yanakuita kama kitanda. Nilikaa ukingoni mwa mtumbwi nikilia, nikatazama yale maji ya kahawia yasiyoonyesha hata vidole vyangu. Chini kulikuwa na mabati yaliyopasuka na nyaya, na nilijua, kwa sababu tuliziacha sisi wenyewe. Nikamwambia Amuri, "Twende tukanywe chai." Alifikiri nimechanganyikiwa.

Tulipofika nchi kavu, mama mmoja aliyekuwa anafua akainua kichwa. "Weye si binti ya ule mzamiaji? Papa yako angetuuliza kwanza. Kiboko iko anapita pale kila asubuhi." Amuri akavaa shati lake.

Nyumbani nilimwambia Mama ukweli wote. Nilingoja anigombeze. Alicheka kwanza, kicheko ambacho hatujakisikia tangu uondoke, halafu akafuta macho. "Basi sahani yangu imerudi mu jiko yangu," akasema. Kisha akainuka, akafungua kabati, akatoa sahani nyingine nyeupe, akaitoboa kwa msumari na jiwe, yeye mwenyewe. Mafundo nilifunga mimi.

Nikaanza upya, safari hii kwa njia yako. Kusini, kabla ya kufika Makobola, nilikuta mahali padogo ambapo ziwa limeingia ndani kati ya mawe. Wafuaji walisema mamba hawajamwona pale, na kwamba upepo unaanza saa nne. Nilikwenda asubuhi tatu mfululizo. Sahani ilionekana mpaka fundo la sita. Pa kuingilia ni mchanga, na pa kutokea ni hapo hapo. Chini panateremka taratibu mpaka mita kumi, na mbele zaidi ziwa linadondoka gizani, kwa hiyo nikachagua jiwe moja kubwa na kusema hapa ndipo mwisho, hata ukiona samaki wa dhahabu.

Mwalimu akaniuliza kitu kimoja tu: maji yakiwa mazuri na ya uvuguvugu hivi, mtu atajuaje kwamba muda umekwisha? Nikajibu kwa maneno yako: "Weye angalia saa, usiulize mwili." Akaandika kwenye daftari lake. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba ziwa letu liko juu kuliko bahari, kwa hiyo dakika za kukaa chini za watu wa baharini sisi tunazipunguza. Hesabu hiyo hukuijua, lakini ulikuwa unapanda pole pole mpaka mwenye mtumbwi anachoka kukungoja.

Tulizama saa mbili asubuhi, na wote tulitoka tunacheka. Amuri alikuja kwangu maji yakimtiririka, akaomba kuishika sahani. Aliigeuza geuza, akanirudishia kwa mikono miwili. Lile neno la bahati hajalisema tena.

Basi, Papa, nakuacha upumzike. Najua ningeweza siku moja, maji yakitulia, kwenda na glavu na taa nikaitoe ile ya zamani. Amuri bado ananiambia ni mita mbili tu. Nakuahidi sitaifuata. Na nakuahidi kwamba hakuna mtu nitakayemwingiza ziwani kabla sahani haijatangulia. Ile kaa nayo wewe, jikoni kwetu. Mama hakudai tena.

Binti yako,
Mwamini