Mstari wa Mvua na Mstari wa Homa

Faza, Jumanne, Mei 1957

Kumbe wagonjwa wa homa tuliwaandika kwa miezi ya mfungo, ile ya mwezi mwandamo ambayo kila mwaka hutangulia siku kumi na moja, na mvua kwa miezi ya Kizungu. Ndiyo maana mistari yangu miwili kwenye mchoro, wa mvua na wa homa, ilizidi kuachana kila mwaka, nami nikilaumu hesabu zangu.

Leo zahanatini nimegeuza yote kuwa miezi ya Kizungu. Mvua kwa buluu, homa kwa nyekundu, maana ya rangi pembeni. Kisha nikalaza karatasi nyepesi ya homa juu ya ile ya mvua.

Subhanallah. Kila mwaka nyekundu hupanda baada ya buluu, haikosi. 

Nyumbani nilimwonyesha mke wangu, Mwanaisha, karatasi hizo. Aliufuata mstari wa buluu kwa kidole.

"Na mvua ya mwaka huu, Bwana, imeanza lini?"

"Ijumaa iliyopita."

Naandika haya yeye akiziba matundu ya chandarua cha mtoto.