Kikohozi Kimoja ni A

Jumamosi, 12 Julai

Tumeingia fainali! Nasema tumeingia, lakini Mungu anajua aliyetuingiza — ni Skola wangu peke yake. Mashindano ya chemsha bongo ya wilaya nzima, na kila swali yeye! Mwuliza maswali hajamaliza kusoma, mtoto ameshagonga kengele. Wenzake wawili, Hamza na Dotto, wamekaa pale kama wageni wa harusi. Hamza alitakiwa kufungua mdomo mara moja tu — aliulizwa jina lake. Akamtazama Skola kwanza!

Mimi niliishia darasa la saba. Lakini akili hizi hazikuletwa na upepo. Baba Skola anasema zimetoka kwao Rangwi. Nimemwacha aseme.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa nimewaambia wachache tu. Wanakwaya, akina mama wa jumuiya, na kijana wa bodaboda aliyesimama nje. Wakishinda fainali wataiwakilisha wilaya Tanga mjini, na mzazi mmoja atawasindikiza. Mzazi mmoja! Begi nimeshaazima. Fundi ameshanipima kitenge.

Baba Skola: "Mama Skola, fainali bado." Mwanamume huyu hata mvua ikimnyeshea anangoja itangazwe redioni.

Jumatano, 16 Julai

Balaa. Mwalimu Idrisa wa timu yao kapita sokoni nikipanga karoti zangu. "Shikamoo mama," kasema harakaharaka huku anatazama chini — nikajua kuna jambo. Sheria zimebadilishwa. Shule nyingine zimelalamika eti sisi ni timu ya mtu mmoja. Kwenye fainali kila mtoto atajibu swali la zamu yake. Kunong'onezana marufuku. Majibu ni ya kuchagua, A, B au C.

Nikasema basi, tumekwisha. Saumu, mama yake Hamza, anauza kabichi meza ya pili. Akasikia.

— Tumekwisha kwa nini, Mama Skola? Mwanangu hajapewa nafasi tu! Wako anagonga kengele kama anafukuza nyani shambani!

Nyani! Nikamjibu kwamba nyani akifukuzwa na Skola anaondoka na jibu. Soko zima limecheka. Lakini moyoni — Hamza? Na begi la watu nimeshalifua.

Alhamisi, 17 Julai

Nimewaita watoto wote watatu jikoni. Maharage kwenye ungo, wanachambua, Skola anawauliza. Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika? Hamza: bwawa la babu yake. Ng'ombe alizama humo, hajaonekana mpaka leo! Dotto yeye ukimwuliza analia, ukimwacha anakula. Makande niliyowapikia yamekwisha, akili haijaongezeka.

Ndipo nikapata wazo. Skola akohoe! Kikohozi kimoja ni A, viwili B, vitatu C. Nani atamkataza mtoto kukohoa?

Skola: "Mama, huo si wizi?" Nikamwambia wizi ni kuchukua cha mtu. Majibu ni yako, unawagawia wenzio. Hata kanisani tunafundishwa kugawana. Akanyamaza. Aliyenyamaza amekubali.

Halafu akarudi kwa Hamza na lile ziwa lake. Tanganyika, Hamza. Sema Tanganyika. Anajichosha bure — kikohozi kipo!

Jumatatu, 21 Julai

Mazoezi yanakwenda vizuri mno. Jioni Baba Skola kapaliwa na chai, kakohoa vitatu. Hamza na Dotto kwa pamoja: "C!" Nimecheka mpaka machozi. Mwenyewe haelewi kitu.

Kitenge kimekamilika. Kinanipenda.

Jumamosi, 26 Julai

Naandika hapahapa ukumbini. Umeme umekatika, spika imekufa, tunangoja jenereta.

Nilisahau kitu kimoja. Julai! Ukungu wa Lushoto umeingia mpaka ndani. Na wapinzani wetu wametoka Mnazi, kule chini kwenye joto. Wamepanda mlima na ukoo mzima, wamevaa vishati vya jua. Wanatetemeka. Na wanakohoa! Ukumbi wote kho, kho, kho, kama zizi la mbuzi.

Dotto kaulizwa makao makuu ya nchi. Dodoma, jibu A, hata kabichi za Saumu zinajua. Mzee mmoja wa Mnazi akaanza kukohoa. Akaendelea. Dotto anamhesabia kwa vidole. Akasimama wima: "Ni G!"

G! Mwalimu Idrisa kajifunika uso kwa tai.

Hamza naye la kwanza kakosa. La pili likishasomwa, akaziba masikio kwa vidole, akafumba macho — akapata! La tatu hivyohivyo — akapata! Saumu, tumekaa bega kwa bega, kapiga kigelegele mpaka jaji akamwonya. Akamwonya na Hamza: marufuku kuziba masikio, ni utovu wa adabu.

Sasa tumelingana na Mnazi. Limebaki swali moja. Zamu ya Hamza.

Skola kaja hapa nimpe uji. Nikamwambia mwanangu, safari hii kohoa kwa nguvu, uwapite hao wa Mnazi. Akasema: "Mama, tangu asubuhi sijakohoa hata kimoja. Na sikohoi. Nimechoka kujibu peke yangu." Akarudi zake. Uji hakugusa.

Sikujua kwamba anachoka. Kichwa kile — nilidhani kwake hakina uzito.

Jenereta imewaka! Swali linasomwa. Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika! A Viktoria, B Tanganyika, C Nyasa. Jamani, la maharage! Ni B! Vikohozi viwili tu — na koo linaniwasha, Mungu shahidi, linawasha kwelikweli. Skola ananitazama. Si Hamza, mimi. Nimejaza khanga mdomoni. Naandika ili nisikohoe.

Saumu kakohoa! Kimoja. Maskini hajui lolote, ni baridi tu. Kohoa cha pili, Saumu — la! La! Nimemziba mdomo kwa ncha ya khanga ileile. Ananifinya. Watu wanatugeukia. Skola anacheka!

Hamza kasimama. Mikono ameiweka nyuma. Hamtazami Skola. Anafungua mdomo — Mungu wangu, mtoto huyu asiseme bwawa la ba—