Shati la Marehemu Baba

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinifunza adabu, lakini nimekukasirikia mno.

Mitihani yangu imekwenda vizuri. Hongera kwa tuzo. Majirani wote wametazama filamu yako kwenye simu: lile shati tupu linatembea mtaani kwetu, linabisha hodi nyumba hadi nyumba na kukaba watu. Wameisifu sana. Kisha watoto wao wakamzomea mama getini, "Mama Shati, lifungie, lisije kwetu!"

Kaka, unajua mama hulipiga pasi shati la marehemu baba kila Jumamosi. Ulipomwomba akuazime shati hilo, alidhani unataka kumkumbuka baba. Huzuni yake ukaifanya zimwi, wala hukumwambia.

Leo ni Jumamosi, lakini pasi haikuwashwa. Mama aliyatoa mashati yote ya baba kabatini akasema, "Nayakata matambara. Kama hata mwanangu wa kumzaa ananiona kichaa, nabaki nayo ya nini?"

Nimeuficha mkasi. Njoo umwombe radhi mwenyewe, kabla hajaazima wa jirani.

Ni mimi mdogo wako, nimenuna lakini nakusubiri.