Punje Chini ya Uzi

Kamwene, Baba.

Nakuandikia kwenye meza yako hapa Mjimwema. Ukungu umegoma kuondoka tangu asubuhi, na mama ananitazama. Ananitazama mno, Baba, na najua kwa nini.

Mwaka umepita tangu tukuzike. Miparachichi yako imeanza kuzaa. Mimi bado nafundisha hesabu Makambako, na kila Jumamosi napanda basi kuja kujisomea namba changamano kwa njia yako ileile: maharage na uzi wa sufu wa mama.

Punje ya harage ilikuwa nukta ambapo fomula inalipuka, haina thamani. Uzi ndiyo njia tunayozunguka. Uzi usipozingira punje yoyote, jibu ni sifuri. Ukizingira, kila punje ina mchango wake. "Na punje ikikaa njiani kabisa," ulikuwa ukisema huku ukipinda uzi kwa ukucha, "ikwepe kwa nusu duara kadogo, halafu hesabu nusu ya mchango wake. Usijifanye hujaiona."

Jumamosi moja, kabla hatujajua kwamba unaumwa, ukafanya integrali ya sine ya x gawanya kwa x, kutoka upande mmoja wa mstari usio na mwisho hadi wa pili. Hesabu ya kwanza kabisa uliyonifundisha kwa uzi! Jibu lake ni pai. Wewe ukaandika sifuri. Mama alikuwa anafuma sweta pembeni, akasema, "Baba Tumaini, hiyo punje ya katikati umeipita juu." Tukamcheka. Mama na integrali wapi na wapi! Tulicheka mpaka ukapaliwa na chai.

Mwezi uliofuata ukapotea ukitoka kanisani, njia ya miaka yako yote. Halafu ukasahau jina langu. Siku moja akili ilipotulia ukaniambia kwamba bibi, mama yako, naye alianza hivyohivyo, kwa vitu vidogo.

Baba, naogopa. Leo asubuhi nimeifanya integrali ileile, kujipima tu. Nikazungusha uzi, nikaandika jibu, nikapiga mstari chini yake. Sifuri. Wala sikuona kosa. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na sindano zake za kufumia. Aliitoa tu ile punje chini ya uzi, akaifumba kiganjani, akaenda jikoni kulia.

Labda ni uchovu, wiki nzima nimesahihisha mitihani. Lakini juzi nilishuka basi kituo kisicho changu, nikasimama pale nikijiuliza nimefuata nini. Hilo sijamwambia mtu. Nakuambia wewe.

Pumzika, Baba yangu. Jumatatu naenda hospitali, na sitaficha habari zako wala za bibi. Nimemwomba mama asogeze kiti chake hapa mezani, afume huku akiniangalia. Nakuahidi, siku akisema punje nimeipita juu, sitamcheka tena.

Mwanao,
Tumaini